Kisu ndani ya mkate: Tolkien na kisa alichokiandika upya kwa miaka 40

Mchungaji anakaa chini msituni ale mkate aliofungiwa na mke wa tajiri wake, mhunzi. Ana kisu kimoja, ndicho kitu pekee alichobaki nacho cha ukoo wa baba yake. Anakata. Ncha inagonga jiwe, maana yule mama alilikanda jiwe ndani ya unga makusudi, na kisu kinavunjika. Jioni ile mchungaji anarudi nyumbani na kundi la dubu na mbwamwitu aliowageuza wafanane na ng'ombe. Mke wa mhunzi anainama kukamua, nao wanamrarua.

Huyo ni Kullervo. Kisa chake kimo katika Kalevala, utenzi mkubwa wa Wafini ambao daktari Elias Lönnrot aliuunga kutokana na nyimbo alizozikusanya vijijini. Toleo la kwanza lilitoka 1835, na toleo kamili lenye nyimbo 50 likatoka 1849. Kullervo ana nyimbo sita humo, ya 31 hadi ya 36. Anazaliwa utumwani baada ya ukoo wake kuangamizwa na ami yake, anauzwa kwa mhunzi, anatoroka, anakutana njiani na msichana na kulala naye, kisha wanagundua kuwa ni ndugu. Msichana anajitupa mtoni. Kullervo anamaliza kisasi chake kwa ami, halafu anaugeukia upanga wake mwenyewe.

Ninachotaka kukichambua ni safari ya kisa hicho mikononi mwa mtu mmoja, J.R.R. Tolkien, tangu 1914 hadi miaka ya 1950. Ni nadra mwandishi wa fantasia kuacha rasimu nyingi kiasi kile za wazo moja, na ni nadra zaidi rasimu hizo kuchapishwa zote kwa zamu, hata mbovu zake. Wengi wetu tuna hadithi ya zamani iliyolala kwenye daftari. Tukiirudia tunasafisha lugha, tunabadilisha majina, tunahamisha tukio moja mbele, basi, tunasema tumeiandika upya. Tolkien naye alianza hivyohivyo.

Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka mitatu. Baba yake alibaki kule na kufariki mwaka uliofuata. Mama akafariki 1904. Wapo wachambuzi wanaoona yatima Kullervo kama kioo cha yatima Tolkien. Huenda. Mimi sipendi sana njia hiyo, kwa sababu haielezi kwa nini rasimu ya kwanza ilikuwa dhaifu na ya mwisho ikawa nzito, ilhali uyatima wake ulikuwa uleule.

Oktoba 1914 alikuwa mwanafunzi wa Exeter College, Oxford, mwenye miaka 22, na vita vilikwisha kuanza. Alimwandikia mchumba wake, Edith Bratt, kwamba anajaribu kukigeuza kisa cha Kullervo kiwe hadithi fupi ya nathari yenye mashairi katikati, kwa mtindo wa William Morris, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19. Kilichotoka kinasomeka kama kazi ya mwanafunzi anayempenda mwalimu wake kupita kiasi. Mpangilio ni wa Kalevala. Majina ndiyo yaliyobadilika na kuongezeka: dada ni Wanona, mbwa ni Musti mwenye nywele za kichawi, na hata kisu cha baba kina jina, Sikki. Mashairi yanafuata mwendo wa Kifini wa silabi nane kwa mstari, ambao msomaji aliyelelewa na tenzi ataudaka mara moja, kwani kipande cha utenzi wetu nacho ni mizani nane. Hadithi inakatika kabla ya mwisho. Kilichobaki ni maelezo mafupi ya jinsi ambavyo ingemalizika.

Badiliko kubwa zaidi alilolifanya pale lilikuwa baya. Katika Kalevala, dada wa Kullervo alipotea porini akichuma matunda, kwa hiyo ndugu hawa hawakupata kujuana, na msomaji haoni ajabu wakikutana njiani kama wageni. Tolkien akawafanya mapacha. Akawalea pamoja, kibanda kimoja, mbwa mmoja, uchungu mmoja. Mapenzi ya ndugu yakanoga, ndiyo, lakini hadithi ikavunjika mguu: ikifika siku ya kukutana wakiwa watu wazima, unajiuliza, pacha wake? Hata sauti haijui?

Kosa hilo analijua kila mtu aliyewahi kuongeza utamu mwanzoni mwa hadithi bila kuangalia mwisho unadai nini.

Vita vikamchukua. Katikati ya 1916 alikuwa Somme, Ufaransa, afisa wa mawasiliano katika kikosi cha Lancashire Fusiliers, na Novemba akarudishwa Uingereza kwa homa ya mahandaki, ugonjwa unaoenezwa na chawa. Ni katika kuugua na kupona ndipo alipoanza kujenga dunia yake, na kisa cha Kullervo kikapata pa kuishi. Ilipofika 1919 alikuwa na masimulizi marefu ya nathari kuhusu mtu aitwaye Túrin, ajiitaye Turambar, yaani bwana wa majaaliwa yake, na joka. Mswada wenyewe una jambo linalonigusa. Aliandika kwanza kwa penseli, kisha akafuta yote na kuandika upya kwa wino juu ya karatasi zilezile. Rasimu ya chini imepotea kabisa. Mtu mwingine angetunza zote mbili. Yeye alitaka karatasi.

Sasa joka limeingia, na watu husema alilitoa kwenye kisa cha Sigurd, shujaa wa Wanorse aliyeua joka. Tolkien mwenyewe, katika barua ndefu ya 1951 kwa mhariri Milton Waldman, alikiri kwamba wapendao mambo hayo wanaweza kumwona Túrin kama mchanganyiko wa Sigurd, Oedipus (yule wa Wagiriki aliyemwoa mama yake bila kujua) na Kullervo, ingawa hakuona kama kusema hivyo kunasaidia sana. Nakubaliana naye nusu. Orodha ya vyanzo haikuambii kazi iliyofanyika. Linalosaidia ni kuangalia kila kitu kilichoazimwa kimepewa kazi gani.

Chukua lile tatizo la mapacha. Katika umbo la mwisho la kisa, baba, Húrin, anatekwa vitani na Morgoth, adui mkuu, anayeulaani ukoo wake wote. Túrin ana miaka minane, na mama anamtuma mbali akalelewe na mfalme wa Elfu, yaani wale watu wasiokufa wa dunia ya Tolkien, huku mwenyewe akiwa mjamzito. Nienor anazaliwa baada ya kaka yake kuondoka. Hawajaonana hata siku moja. Msichana anakua, anatoka kumtafuta kaka yake, na njiani joka linamwangalia machoni na kumfuta kumbukumbu zote, hadi jina, hadi lugha. Túrin anamkuta usiku wa dhoruba amelala uchi juu ya kaburi. Anamfunika, anampa jina, Níniel, Binti Machozi. Naye Túrin kwa wakati huo amekwisha kujificha chini ya jina jingine, kwa sababu anaamini akibadili jina laana ya ukoo itapotea njia isimpate.

Hesabu. Hawajawahi kuonana: hiyo ni kazi ya vita. Dada hajijui: hiyo ni kazi ya joka. Kaka kaficha jina: hiyo ni kazi ya kiburi chake mwenyewe. Mlango uliokuwa wazi mwaka 1914 sasa una kufuli tatu, kila moja na mfungaji wake, na ya tatu kaifunga Túrin kwa mkono wake. Joka halikuingizwa kwa ajili ya kupigana tu. Limeingia kuziba tundu la hadithi, halafu likawa mhusika mbaya kuliko wote kwa sababu linasema kweli kidogo kidogo, pale inapouma.

Baba naye. Hapa Lönnrot alimwachia Tolkien fundo: kwa kuwa aliunganisha nyimbo za waimbaji mbalimbali, ukoo wa Kullervo unaangamizwa mwanzoni, na baadaye kijana anaambiwa kwamba baba na mama wako hai, anakwenda na kuwakuta. Msimulizi wa mdomo hapati taabu na jambo kama hilo. Leo anaimba kipande hiki, kesho kile. Kwenye kitabu ni kasoro. Ninavyosoma mimi, Húrin ndiye jibu la kasoro hiyo. Hakufa wala hayupo. Adui amemkalisha kwenye kiti juu ya mlima, kafungwa kwa uchawi, na kapewa macho ya kuona mbali ili atazame maangamizi ya wanawe mwaka baada ya mwaka, tena ayaone kwa jicho lililopindwa na adui. Baba aliyekufa-hakufa amekuwa shahidi. Hilo lilikwishakuwamo katika masimulizi ya 1919, na halikutoka tena katika kila toleo lililofuata.

Ungedhani basi, kwa msuko uliokaza hivyo, angemaliza. Hapana. Akiwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, miaka ya 1920 alikianza upya kwa ushairi, tena si wa vina. Alichagua ushairi wa kale wa Kiingereza, ambao mstari unagawanyika nusu mbili na nusu hizo zinashikwa pamoja na konsonanti inayorudi kwenye silabi zenye mkazo. Kwa Kiswahili ingekuwa kama kusema «panga likapaa, paji likapasuka» mistari elfu mbili mfululizo, bila kina hata kimoja cha mwisho, na sikio letu lingelalamika kabla ya beti la tatu. Aliandika zaidi ya mistari 2,200. Kisha akaona mwanzo haujakaa sawa, akaanza tena. Toleo la pili lina mistari 817, limejaa zaidi, limetulia zaidi, na halikufika hata pale la kwanza lilipofika. Mwaka 1925 akaliacha, akaenda kuandika shairi jingine.

Tabia hiyo ndiyo ugonjwa wa kazi yake yote, na sioni haja ya kuipamba. Kila alipokwama alirudi mlangoni. Mlango ukawa mzuri ajabu. Vyumba vya ndani vikabaki bila paa.

Lakini angalia ajali iliyotokea. Mwaka 1926 alimpelekea mwalimu wake wa zamani wa shule, R. W. Reynolds, shairi hilo lisiloisha amsomee. Reynolds asingeelewa Morgoth ni nani, Elfu wametoka wapi, vita vyenyewe vilianzaje. Kwa hiyo Tolkien akamwandikia muhtasari wa historia nzima ya dunia ile, hasa kwa ajili ya kueleza kisa cha watoto wa Húrin. Maelezo yale ya ziada, ya kumsaidia msomaji mmoja, ndiyo mzizi wa kitabu ambacho baadaye kiliitwa The Silmarillion. Kila toleo la baadaye, la 1930 na la 1937, lilikua kutoka kwenye muhtasari ule. Kwa maneno mengine, maelezo yalimeza shairi, na kisa cha Túrin, kilichokuwa mama wa muhtasari, kikageuka sura moja ndani yake.

Miaka iliyofuata naipita haraka. The Hobbit ilitoka Septemba 1937, wachapishaji wakataka muendelezo, na muendelezo huo ulimla hadi 1954 na 1955, The Lord of the Rings ilipochapishwa. Humo Elrond, mmoja wa wakuu wa Elfu, anamtaja Túrin kwa jina tu, pamoja na mashujaa wengine wa zamani, kana kwamba msomaji anamfahamu. Hakuna msomaji aliyeweza kumfahamu. Kisa chake hakikuchapishwa hadi 1977.

Baada ya kazi hiyo kubwa alirudi kwa Túrin mara ya mwisho, kwa nathari, akiwa na zaidi ya miaka 60. Na hapa mtu anayeandika asome polepole, kwa sababu mwandishi mzee hakuongeza majoka wala vita. Aliongeza utoto.

Kuna dada mdogo, Lalaith, maana yake kicheko, aliyekufa kwa tauni akiwa na miaka mitatu. Kuna mtumishi wa nyumbani, Sador, mkata kuni aliyejikata mguu kwa shoka lake mwenyewe na sasa anachechemea akifanya useremala, akichonga vitu ambavyo mara nyingi hakuna aliyemwagiza. Mtoto Túrin anampenda, anamwita Labadal kwa kumtania ule mguu, na mzee hakasiriki kwa sababu anajua limetoka kwenye huruma. Ni kwake ndiko mtoto anakopeleka maswali yasiyoulizika kwa wazazi: Lalaith kaenda wapi, atarudi?

Túrin anapotimiza miaka minane, baba anampa kisu kilichofuliwa na Elfu, mpini na ala vya fedha na rangi nyeusi. Mtoto anakichukua na kumpelekea Sador, kwa sababu anajua Sador anakihitaji. Haipiti muda, mama anaona mtoto hakivai kisu, anamuuliza kama anakiogopa. Mtoto anasema amekitoa. Mama anamhoji kidogo kwa nini, na baba anamwambia kwamba katoa vitu vitatu kwa mpigo, upendo, huruma na kisu, na kisu ndicho kidogo kuliko vyote.

Sina barua ya Tolkien inayosema kisu hiki ni kilekile cha mkate wenye jiwe, na simlishi maneno. Lakini nikiziweka kurasa mbili pamoja, ile ya Kifini na hii ya miaka ya 1950, ninaona kijana yuleyule na kisu kilekile cha baba. Kwa Kullervo kisu ni kitu cha kupoteza: kinavunjika, na kuvunjika kwake kunamwachilia ukatili. Kwa Túrin kisu ni kitu cha kutoa. Ghafla tunajua jambo ambalo rasimu za awali hazikutuambia kwa tendo, kwamba mtu huyu atakayeua rafiki yake gizani kwa kutomtambua, atakayekataa mashauri mema, atakayemwoa dada yake, alianza kama mtoto mwenye mkono mwepesi wa kutoa. Msiba wake una uzito kwa sababu kuna kitu cha kupotea.

Kitu kimoja hakikutoka tangu siku ya kwanza: upanga unaozungumza. Kullervo anauuliza upanga wake kama uko radhi kunywa damu yenye hatia, nao unajibu kwamba kwa nini usinywe, wakati umekwisha kunywa hata ya wasio na hatia. Jibu la ubaridi, la chombo. Upanga wa Túrin unakubali vilevile, ila una lake moyoni. Umekuwa wa Beleg, yule rafiki aliyeuawa gizani kwa upanga huohuo, na baadaye ukamuua Brandir kilema, aliyesema kweli asisadikiwe. Unasema utainywa damu ya Túrin ili usahau damu ya hao wawili. Swali ni lilelile la 1914, hata mpangilio wa maneno haujabadilika sana. Jibu sasa linabeba miaka yote ya hadithi. Kitu cha zamani kinaweza kubaki mahali pake ikiwa kila kilichokizunguka kimefanyiwa kazi.

Hata hivyo hakumaliza. Mwanzo upo kamili, na mwisho, kuanzia Túrin anaporudi nyumbani kwao hadi kifo, upo kamili na ni katika nathari bora aliyowahi kuiandika. Katikati, kwenye mji wa siri wa Nargothrond, kuna pengo. Hapo ndipo Túrin anapowashawishi watu wajenge daraja la mawe mbele ya lango, ambalo joka linalivuka kuja kuwamaliza. Sehemu iliyobeba kosa lake kubwa kuliko yote ndiyo iliyoandikwa kwa muhtasari. Ningetoa kurasa 20 za mwanzo uliorudiwa mara nne ili nipate mabishano ya daraja lile yakiandikwa kwa mwendo ule wa mtoto na kisu.

Tolkien alifariki Septemba 1973. Mwanawe Christopher alichapisha vipande kwa zamu: muhtasari ndani ya The Silmarillion 1977, nathari ndefu yenye mapengo 1980, masimulizi ya zamani 1984, mashairi 1985. Mwaka 2007 akatoa kitabu kizima kinachosimama peke yake, The Children of Húrin, akiunganisha maandishi ya baba yake bila kubuni tukio lake mwenyewe. Rasimu ya Kullervo ilitolewa na mtafiti Verlyn Flieger mwaka 2010 katika jarida, na kama kitabu 2015. Kwa hiyo wasomaji walipata mwisho kabla ya mwanzo, na mimi mwenyewe nilikisoma kisu cha fedha kabla ya kukisoma kile kilichovunjika.

Sador anaonekana tena mara moja. Túrin, miaka 23 tangu aondoke kwao akiwa mtoto, amedanganywa na joka kwamba mama na dada yake wanateseka nyumbani, anakimbia kaskazini kwenye theluji na kuingia kwenye ukumbi wa mtu aliyepora mali ya ukoo. Mama na dada walikwishaondoka zamani. Mzee kilema yupo, anachechemea na fimbo, na anamtambua. Hasira inampanda Túrin, anamuua mwenye ukumbi, ghasia inalipuka, na katika ghasia ile Labadal anapata jeraha la kumuua.